Mke wa mchoraji anasoma kitabu, wala hana habari na sisi

Daktari wa Urambo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna picha moja nimeibeba kichwani tangu nikiwa mwanafunzi, na kila nikiwasimulia watu wa nyumbani wananiuliza: mtu anasoma kitabu, sasa hapo kuna nini? Swali lao ni la haki. Leo nimepata nafasi, acha nijaribu kulijibu kwa kirefu, na wenye ujuzi wa uchoraji waniongezee.

Picha imechorwa na Mrusi anayeitwa Ivan Kramskoi, na aliyemo ni mke wake, Sofia Nikolaevna. Ipo Moscow, kwenye jumba la sanaa la Tretyakov. Ni rangi ya mafuta juu ya kanvasi, na si kubwa: sentimita 64 kwa 56 hivi, unaweza kuibeba kwapani. Ilichorwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1860. Mwanamke kijana ameketi nje, bustanini. Nyuma yake majani yameshaanza kuwa meusi. Gauni lake ni la rangi iliyopoa, na kitambaa kinang'aa kidogo pale mwanga unapokigusa. Kitabu kiko mikononi, kichwa kimeinama, macho yako kwenye ukurasa. Basi. Hakuna kingine kinachotokea.

Mara ya kwanza niliipita. Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari, nje kuna baridi ya kukata masikio, nami nilikuwa nikitafuta picha kubwa ambazo kila mtu alinisimulia. Na Kramskoi anazo picha zinazokuita kwa mbali. Yuko Kristo jangwani wa 1872, ameketi juu ya mawe, mikono imefumbatana. Yuko mwandishi Tolstoy wa 1873, anakutazama kama anayejua ulichofanya jana. Yuko yule Mwanamke Asiyejulikana wa 1883, ndani ya gari la farasi, anakuangalia kutoka juu mpaka unajiuliza umemkosea nini. Hao wote wanakushika. Huyu anayesoma hakushiki. Nilikuwa nimeshampita ndipo nikarudi, kwa sababu nilijisikia kama nimempita mtu mzima bila kumsalimia.

Nikasimama mbele yake. Nikaona kwamba hata ningemsalimia asingeitikia. Si kwa jeuri. Hakuwepo pale. Alikuwa ndani ya kitabu.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya watu hawa wawili, na kadiri nilivyosoma ndivyo picha ilivyozidi kuwa nzito.

Kramskoi alizaliwa mwaka 1837 Ostrogozhsk, mji mdogo wa kusini mwa Urusi, baba yake karani. Alimaliza shule ya pale mjini akiwa na miaka 12, na mwaka huohuo baba akafariki. Shule ikaishia hapo. Alipofika umri wa miaka 16 aliondoka na mpiga picha aliyekuwa akizunguka miji, kazi yake ikiwa kurekebisha picha za kamera kwa brashi na rangi. Ndivyo alivyofika St. Petersburg na kuingia chuo cha sanaa cha mfalme mwaka 1857. Maisha yake yote kukosa shule kulimuuma. Aliandika mwenyewe kwamba hakuwahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea aliyeelimika kwelikweli. Naomba mlishike hilo, maana mtu mwenye kiu ya namna hiyo ndiye aliyeketi kumchora mkewe akisoma.

Mwaka 1863 chuo kikawapa waliokuwa wakishindania nishani kubwa ya dhahabu mada moja wote: karamu ya miungu ya Waskandinavia huko Valhalla. Wanafunzi 14, Kramskoi akiwa mbele yao, wakaomba kila mmoja aruhusiwe kuchagua mada yake. Wakakataliwa, wakaondoka. Nishani ile ilikuwa njia ya kupelekwa nje kwa gharama ya serikali, wakaiacha mezani. Kisha wakaanzisha ushirika wao, wakapanga nyumba kwenye kisiwa cha Vasilievsky, wakawa wanaishi humo, wanafanya kazi humo, na sehemu ya mapato inaingia mfuko mmoja.

Sasa fikirini nyumba yenye wachoraji namna hiyo. Nani anajua unga umebaki kiasi gani? Aliyeshika mambo ya ndani, jiko na matumizi, alikuwa Sofia. Alhamisi jioni wageni walijaa. Ilya Repin, aliyekuwa mwanafunzi wa Kramskoi, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi meza ndefu ilivyowekwa ukumbini, karatasi na penseli na rangi juu yake, watu wakichora huku mmoja wao akisoma kwa sauti. Baadaye chakula. Chakula kile hakikujipika. Na katika miaka hiyohiyo Sofia alikuwa anazaa na kulea.

Ndiyo maana ile saa iliyomo ndani ya picha inanigusa. Jua limeshapungua na hajafunga kitabu. Mimi naisoma hivi (na hii ni tafsiri yangu): hiyo ndiyo saa iliyobaki. Mchana una wenyewe.

Nimekulia Urambo, kwenye tumbaku. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970. Jioni akimaliza yote, alikuwa anatoa kigoda mpaka mlangoni mwa jiko ili atumie mwanga wa mwisho, mafuta ya taa yasiishe bure. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sisi watoto tulijua kwamba kwa muda huo mama hayupo, na hakuna aliyetufundisha. Nilipokuwa nimesimama mbele ya Sofia nilijua nimewahi kumwona mtu huyu.

Karibuni.

Fundi Rangi

Dada, asante sana kwa uzi huu. Mimi nachora picha za watu hapa Dar kwa kuuza, nyingi kutoka kwenye picha za simu wanazoniletea wateja, kwa hiyo acha niseme ya upande wa kazi.

Kichwa kilichoinama ni mtihani. Mtu akikutazama, una macho mawili ya kukusaidia. Ukipatia macho, mteja anasema "ndiye huyu" hata kama pua imekwenda upande. Akiinama, macho yanakunyima msaada. Paji la uso linakuwa kubwa, kidevu kinajificha, pua inafupika, na kope za juu zinafunika karibu kila kitu. Sasa mfanano utaupata wapi? Halafu kuna hatari ya pili, mbaya zaidi: kope zikishuka nywele moja tu kupita kiasi, mtu wako amelala. Nimeharibu picha mbili za wateja kwa kosa hilohilo.

Kinachomwonyesha msomaji yuko macho hakiko machoni. Kipo shingoni, kwa kuwa mtu aliyelala shingo yake imeachia na ya anayesoma inabeba kichwa. Na kipo vidoleni, kwa sababu kitabu kina uzito na lazima mkono uonyeshe kwamba unaubeba. Mwangalieni Sofia kwa jicho hilo. Mwili umetulia lakini haujalegea.

Kuhusu giza la nyuma: kwenye rangi ya mafuta sehemu za giza mara nyingi tunazipaka nyembamba, rangi imeyeyushwa na mafuta mpaka mwanga unapenya, na sehemu za mwanga tunazipaka nzito. Ndiyo maana giza linarudi nyuma na uso unakuja mbele bila mtu kuchora mstari wowote wa mpaka. Huyu bwana alirekebisha picha za kamera kwa miaka mingi; jicho lake lilikuwa limezoea kijivu cha kila daraja. Unaona kwenye shavu: hakuna mahali unaweza kusema kivuli kimeanzia hapa.

Mtu wa Pwani

Nimesoma yote na nimependa, ila nina neno, na dada usinielewe vibaya. Picha za wanawake wanaosoma zilikuwa nyingi karne ile, na nyingi zilichorwa na wanaume. Mwanamke ameinamisha macho, hawezi kukurudishia jicho, wewe unamtazama utakavyo. Chukueni ile ya Courbet, Mfaransa, iliyoko Washington, ya kati ya 1866 na 1868, yaani miaka ileile. Msichana yuko nje, kwenye miti, anasoma, na nguo imemteremka begani. Kitabu pale kazi yake ni nini? Kinamshughulisha ili sisi tuangalie bega. Je, hii ya Kramskoi si ndugu yake, ila amevaa vizuri?

Daktari wa Urambo

Mtu wa Pwani, sijakuelewa vibaya hata kidogo. Swali hilo nimeshajiuliza.

Ya Courbet nakubaliana nawe. Mkono wake ni wa ajabu, ule mwangaza wa majani hakuna anayeuweza, lakini kitabu pale ni kisingizio. Jicho la mtazamaji linapelekwa begani na linaachwa hapo.

Kwa Sofia jicho linapelekwa wapi? Jaribu mwenyewe. Unaanzia usoni, unafuata macho yake yanakokwenda, unafika kwenye ukurasa, na hapo unakwama kwa kuwa huwezi kuusoma. Unarudi usoni. Unakwenda tena. Kila mara unaishia mlangoni mwa kitu ambacho yeye anacho na wewe huna. Kama ni kumtazama mtu utakavyo, mbona mimi niliondoka pale nikiwa nimejisikia mgeni?

Na tazama jambo jingine. Yule wa 1883 anayetukazia macho, Kramskoi hakuwahi kusema ni nani, hata kwenye barua zake. Ana macho, hana jina. Mkewe ana jina kamili kwenye kibao, na macho yake hatuyapati. Sidhani mtu aliyechora Tolstoy kwa namna ile alishindwa kumwambia mkewe "inua uso kidogo".

Fundi Rangi

Niongeze moja kwa kaka wa Pwani. Usifikiri alimvizia. Rangi ya mafuta haiviziki. Tabaka la chini lazima lianze kushika ndipo uweke la juu, na picha ya aina hii inataka vikao, si kikao. Sofia alijua anachorwa. Alikaa, akaondoka, akarudi akakaa tena. Kilichomo pale ni mtu aliyejua kabisa anatazamwa na bado akaweza kusahau. Hilo halitokei mbele ya mtu usiyemwamini. Nawaambia kwa kazi yangu: mteja akikaa mbele yangu anakaza shingo kama yuko kwa mpiga picha wa pasipoti.

Nuru

Assalam aleikum jamani, naandika kutoka Mombasa.

Daktari amesema mama yake akisoma watoto walijua hayupo. Kwetu bibi yangu alikuwa na marufaa yake ya mbao, na mwezi wa Ramadhani baada ya alasiri alikuwa akikaa na msahafu pembeni ya dirisha. Watu wanaingia na kutoka, kila mmoja anapita kwa ncha za vidole. Hukatizi mtu anayesoma. Ukiwa na shida unangoja afike mwisho wa aya, akuone mwenyewe, afunike. Mimi naona picha hii inataka adabu hiyohiyo kutoka kwa mtazamaji: subiri.

Ila nataka kurudisha habari nyuma kidogo, kwa sababu mwanamke anayesoma hakuanza na Warusi wala Wafaransa. Waholanzi wa karne ya 17 walimchora sana, lakini mara nyingi alikuwa anasoma barua. Vermeer, mmoja wa Waholanzi hao, anaye mmoja yuko Dresden, amesimama kwenye dirisha lililo wazi, picha ya mwaka 1657 hadi 1659 hivi. Kwa muda mrefu ukuta wa nyuma yake ulikuwa mtupu, watu wakausifu utulivu wake. Kisha wataalamu wakagundua kwamba ukuta ule ulipakwa rangi na mtu mwingine baadaye, Vermeer mwenyewe alikuwa amechora hapo picha kubwa ya Cupid, yule mtoto wa mapenzi. Wakaiondoa rangi ya juu taratibu, na mwaka 2021 picha ikaonyeshwa ikiwa na Cupid wake. Maana ikabadilika siku moja: barua ni ya mapenzi.

Barua ina mwenyewe aliyeiandika. Ukimwona mwanamke na barua, upo mwanaume mahali fulani nje ya picha, hata kama hujamwona. Kitabu hakina hivyo. Kwa hiyo Sofia yuko peke yake kweli. Hangojei mtu.

Kijana wa Goma

Swali fupi kwa Daktari: ni kitabu gani anasoma? Na kwa nini Kramskoi anahesabiwa kwenye uhalisia, yaani kuchora maisha kama yalivyo? Mimi nikisikia uhalisia nafikiria wakulima, wafungwa, watu wanavuta mashua.

Daktari wa Urambo

Kijana wa Goma, karibu sana. Kitabu hakijulikani kwenye picha. Hakuna maandishi tunayoweza kuyasoma, na mimi nafurahi, maana kingekuwa na jina tungeanza kumpima Sofia kwa jina hilo.

Kuhusu uhalisia, hao wavuta mashua unaowasema ni wa Repin, na Repin nimemtaja juu kwamba alipita mikononi mwa Kramskoi, kwenye shule ya kuchora ambako Kramskoi alifundisha miaka ya 1860. Mwaka 1870 Kramskoi na wenzake walianzisha chama cha maonyesho ya kusafiri, picha zinapelekwa mji hadi mji badala ya kungoja watu waje mji mkuu. Onyesho la kwanza likafunguliwa 1871. Chama hicho ndicho kilichojaa wakulima na mahabusu unaowakumbuka.

Lakini uhalisia hauishii kwenye dhiki. Kumbuka walichokikataa mwaka 1863: karamu ya miungu. Waliambiwa sanaa kubwa ni miungu mezani. Miaka michache tu baadaye kiongozi wao anachukua kanvasi ndogo na kumchora mke wake, mwanamke ambaye hakuna aliyemjua nje ya nyumba ile, akifanya jambo lisilo na shangwe yoyote. Ukiniuliza mimi, hiyo nayo ni jibu kwa chuo.

Mwalimu Mstaafu

Nimeufuatilia uzi kimya. Naomba niweke upande mmoja ambao haujaguswa, nao ni elimu ya wanawake wa Urusi wakati ule, kwa sababu bila hiyo tunamwona Sofia kama mama anayejipumzisha tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa 1860 baadhi ya wanawake walianza kuingia kusikiliza mihadhara ya chuo kikuu pale Petersburg. Sheria mpya ya vyuo vikuu ya 1863 ikawafungia mlango. Ni mwaka uleule wanafunzi 14 walipotoka chuo cha sanaa. Wanaume wale walikuwa na chuo cha kukisusia. Wanawake hawakuwa na chuo. Kozi za juu za wanawake zilizokuja kuitwa za Bestuzhev zilifunguliwa Petersburg mwaka 1878. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo ilipo picha yetu. Mwanamke wa mjini aliyetaka kujua jambo alikuwa na kitabu na jioni yake, wachache wakaweza kwenda nje ya nchi.

Na huyo ni wa mjini. Sensa ya 1897, miaka kama 30 baada ya picha, ilikuta wanawake wanaojua kusoma katika dola ile ni kama 13 kati ya 100. Wanaume 29.

Daktari amemtaja mama yake na kisomo. Mimi nilifundisha kisomo nikiwa kijana. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na darasa langu lilikuwa chini ya mwembe, kinamama ndio wengi. Walikuja wamechoka, mtoto mgongoni. Nakumbuka siku mama mmoja aliposoma sentensi yake ya kwanza mpaka mwisho: hakuinua uso kutuangalia tumpigie makofi. Aliirudia. Akairudia tena. Nilikuwa nimeshanyanyua mikono nikaishusha.

Nuru

Mwalimu, shikamoo. Umenitoa machozi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti yangu.

Mtu wa Pwani

Shikamoo Mwalimu. Nimerudi kuiangalia picha baada ya maelezo ya Fundi na ya Daktari. La macho kwenda kwenye ukurasa na kurudi ni kweli, nimejaribu. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine naibakiza: tunamjua Sofia kupitia mkono wa mumewe tu. Ningetamani kujua yeye alionaje.

Daktari wa Urambo

Hiyo nusu uibakize, kaka. Ni ya haki, na mimi pia ninayo.

Ninachoweza kukwambia ni yale yanayojulikana juu yake. Jina lake la kwao ni Prokhorova. Kabla ya Kramskoi aliishi na mchoraji mwingine ambaye tayari alikuwa na mke, na yule bwana akaenda zake nje ya nchi. Mwajua wenyewe mji unavyomsema mwanamke aliyeachwa namna hiyo. Kramskoi akamwoa. Walizaa watoto kadhaa, na binti yao, naye Sofia, akawa mchoraji.

Wana wao wawili wadogo walifariki katika miaka ya 1870. Na hapa ndipo penye picha nyingine ambayo nilikuwa sijaitaja kwa makusudi. Ni ya mwaka 1884, inaitwa Huzuni Isiyofarijika, nayo iko Tretyakov. Ni kubwa, zaidi ya mita mbili kwenda juu. Mwanamke amesimama peke yake chumbani, kando ya pazia, gauni jeusi, amebana kitambaa mdomoni. Maua ya msiba yako pembeni. Sura ile ni ya Sofia. Kramskoi aliirudia kazi hiyo zaidi ya mara moja kabla ya kufika hapo. Katika matoleo ya mwanzo mama alikuwa ameanguka chini, katika la mwisho amesimama. Alimwandikia Tretyakov, mkusanyaji wa picha mwenye jumba lile la sanaa, aichukue kama zawadi. Tretyakov aliichukua, ila alilipa.

Tazameni macho yake humo. Hayatutazami pia. Katika ile ya kwanza hatumpati kwa sababu ameenda kwenye kitabu, katika hii hatumpati kwa sababu ameenda kwa wanawe. Miaka kama 15 imepita kati ya picha na picha. Mimi ni daktari, nimesimama na kina mama wengi kwenye korido usiku, na ninaujua uso wa 1884. Nilipouona siku ile nilikuwa bado sijaanza kazi, sikuuelewa. Nilirudi mwaka wa mwisho wa masomo. Nikatoka kwenye picha kubwa nikaenda moja kwa moja kwa yule anayesoma, nikakaa naye mpaka mlinzi akapita kusema wanafunga.

Kramskoi mwenyewe alifariki 1887, akiwa na brashi mkononi, anamchora daktari, Rauchfus. Alianguka katikati ya kazi, na picha ile haikumalizika. Sofia aliishi baada yake miaka zaidi ya 30.

Kijana wa Goma

Asante Daktari. Nimezifungua zote mbili kwenye simu, moja baada ya nyingine. Sikutegemea.

Fundi Rangi

Jamani, narudi na habari.

Tangu juzi uzi huu haujaniacha. Jana jioni nilimwomba mke wangu akae barazani na gazeti, nami nikatoa kanvasi ndogo, sentimita 40 kwa 30, niliyokuwa nimeiandaa kwa kazi ya mteja. Dakika kumi za kwanza hakusoma neno. Alikuwa ananisubiri mimi. Kila nikiangalia kanvasi alikuwa ananiangalia, kila nikimwangalia anaangalia gazeti. Nikamwambia apumzike. Akaniuliza wali umezimwa jikoni, nikaenda nikazima. Niliporudi alikuwa amefika ukurasa wa ndani, kuna habari ya bei ya mbolea na kijijini kwao wanalima, na hakuniona nikikaa.

Hapo ndipo nilipoanza. Mwanga ulikuwepo kwa nusu saa hivi. Nimepata paji la uso, kope moja na vidole viwili vinavyoshika gazeti. Shingo bado. Leo jua likianza kushuka tunaendelea, ameshaniomba nimwekee gazeti lilelile.